Paka wa jirani wamegeuza bustani yangu choo: nifanyeje?

Msomaji mmoja wa Makorora, Tanga, ameniandikia hivi: "Shikamoo daktari. Nina bustani ndogo nyuma ya nyumba, nimepanda mchicha, bamia, nyanya chungu na giligilani. Kila nikiamka nakuta matuta yamefukuliwa na kinyesi cha paka kimefukiwa humo humo, mara nyingine juu ya mbegu nilizomwaga jana yake. Paka wa jirani ni watatu, na wengine hawana mwenyewe. Nina mimba ya miezi minne, na mtoto wa miaka mitatu anayeshinda kwenye mchanga. Mavyaa anasema nimwage jivu na pilipili. Mume wangu anataka kuweka sumu. Shoga yangu niliyekutana naye kliniki ananiambia paka wanaharibu mimba. Nifanyeje? Na je, kinyesi hicho si mbolea kama samadi ya ng'ombe?"

Marahaba, mwanangu. Mimba kwanza, matuta baadaye.

Shoga yako kagusa jambo la kweli, ila kalisema kwa namna ya kukutia hofu bure. Paka haharibu mimba. Kinachoweza kuidhuru ni kimelea kisichoonekana kwa macho, kinaitwa toksoplazma. Kimelea hiki huishi katika wanyama wengi, lakini vijiyai vyake vya kusambaa kwenye udongo hutengenezwa ndani ya utumbo wa paka na jamaa zake tu. Paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Akikipata mara ya kwanza hutoa vijiyai kwenye kinyesi kwa wiki moja hadi tatu hivi, na baada ya hapo kwa kawaida anaacha. Kwa hiyo katika paka wote wanaopita uani kwako, anayetoa vijiyai leo huenda ni mmoja, huenda hayupo kabisa. Taabu ni kwamba vijiyai vyenyewe ni vigumu kufa. Kwenye udongo wenye unyevu na kivuli vinaweza kukaa hai mwaka na zaidi, na udongo wetu wa pwani wakati wa masika na vuli unavipa kila kinachohitajika.

Ndiyo maana nakwambia uogope udongo kuliko kumwogopa paka. Kumpapasa paka si njia ya kawaida ya kuupata ugonjwa huu. Watu huupata kwa mikono yenye udongo iliyofika mdomoni, kwa mboga mbichi isiyooshwa, kwa maji machafu, na kwa nyama isiyoiva. Mishkaki iliyo nyekundu katikati ina hatari yake kwa mjamzito, hata kama mtaa mzima hauna paka. Aliyewahi kuupata zamani kabla ya kushika mimba kwa kawaida ana kinga, na mtoto aliye tumboni anakingwa pamoja naye. Anayehofiwa ni yule anayeupata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito: mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na madhara ya macho au ubongo. Ukienda kliniki mweleze mkunga kwamba umekuwa ukilima kwenye udongo wenye kinyesi cha paka, umuulize kuhusu kipimo cha damu. Usisubiri uumwe ndipo useme, maana mara nyingi mama haoni dalili yoyote, au anapata homa kidogo na tezi za shingo zinavimba, akadhani ni mafua.

Kuna jambo hukuliuliza, lakini nalisema kwa sababu nawajua wajawazito wa kwetu. Kama unakula udongo, acha. Wa kuchokonoa ukutani au kwenye kichuguu ndio mbaya zaidi, na ule wa kununuliwa sokoni nao hujui ulikaushwa wapi na nani alipita juu yake. Hamu ya kula udongo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa damu, nayo ni sababu nyingine ya kuzungumza na mkunga bila kuona haya.

Sasa lishike hili, kwa kuwa kazi yote imeegemea hapo. Vijiyai vya toksoplazma vikitoka na kinyesi kibichi haviwezi kumwambukiza mtu papo hapo. Vinahitaji kukomaa nje, siku moja hadi tano, kutegemea joto na unyevu. Kinyesi cha usiku kikiokotwa asubuhi hiyo hiyo kimeondoka kabla hakijawa hatari. Kikiachwa mpaka Ijumaa ndiyo siku ya usafi, kimeshakuwa. Minyoo ya paka ni hivyo hivyo: mayai yake huhitaji siku kadhaa, mengine wiki mbili hadi nne, ndipo yaweze kumdhuru mtu. Bustani inayosafishwa kila asubuhi na bustani inayosafishwa mara moja kwa wiki ni bustani mbili tofauti kabisa kiafya, hata kama paka ni wale wale.

Na kazi hiyo kwa sasa si yako. Ni ya mume wako. Ukikosa kabisa mtu wa kukusaidia, vaa glavu za mpira na viatu vya kufunika mguu, kisha nawa kwa sabuni. Yeyote nyumbani mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye hajaanza dawa au anazikatiza, naye asiiguse.

Namna ya kuondoa haina ufundi mwingi. Achote kwa koleo dogo kinyesi pamoja na udongo uliokizunguka na wa chini yake, kina cha vidole vitatu hivi, atumbukize kwenye choo cha shimo. Kama choo chenu ni cha kuvuta maji, afadhali achimbe shimo kufika magotini, mbali na kisima na mbali na mboga, awe anafukia humo. Vijiyai hivi vinavuka mfumo wa maji taka vikiwa hai. Huko California fisi-maji wa baharini wamekufa kwa toksoplazma iliyotiririshwa na maji kutoka nchi kavu, na sisi mji wetu uko kando ya bahari. Koleo lenyewe alimwagie maji yanayochemka. Dawa ya klorini mnayofulia nguo nyeupe haiviui vijiyai hivi, na ikichanganyika na mkojo wa paka hutoa hewa inayochoma kifua. Maji ya moto ndiyo dawa.

Nije kwa mwanao. Kwa mtoto wa miaka mitatu nahofia minyoo kuliko toksoplazma. Paka na mbwa wana safura yao, na vijiminyoo vichanga vya safura hiyo hupenda hasa mchanga wa pwani wenye joto na kivuli. Vikikutana na mguu mtupu au makalio ya mtoto aliyekaa chini, huingia kwenye ngozi na kutembea chini yake. Utaona mstari mwekundu unaopindapinda, unaosogea kidogo kidogo, na unaowasha mno usiku. Watu wengi huudhani ni ukurutu au ni fangasi, wakaupaka kila kitu mpaka ngozi ikaungua. Usipake chochote. Mpeleke hospitali, kuna dawa za kumeza zinazoumaliza. Paka ana pia minyoo mirefu kama tambi, ambayo mayai yake mtoto akiyameza na mchanga, vijiminyoo vyake huzunguka mwilini, na mara chache hufika kwenye jicho. Kwa hiyo kucha zake ziwe fupi, anawe kabla ya kula, na asikose dawa ya minyoo inayotolewa kwa watoto walio chini ya miaka mitano wakati wa zoezi la vitamini A.

Umesema anashinda kwenye mchanga. Kama ni ule mchanga wa kujengea uliorundikwa uani, jambo ambalo nyumba nyingi za Tanga zinalo, basi hapo ndipo pa kuanzia kabla hata ya bustani. Rundo la mchanga mkavu uliolegea ni choo ambacho paka hawezi kukipita. Lifunike kwa turubai usiku na mchana, ukandamize kingo kwa matofali. Mtoto mtengee mchanga wake kidogo kwenye beseni au ndani ya tairi, uwe na kifuniko. Mchanga huo uanike juani mara kwa mara ukiwa umetandazwa mwembamba, maana jua kali na ukavu huviua vijiminyoo vya safura. Mayai ya ile minyoo mirefu ni magumu zaidi, ndiyo maana kifuniko ni muhimu kuliko jua.

Kuhusu mboga, usizing'oe. Mchicha, bamia na nyanya chungu vinapikwa, na chakula kilichochemka vizuri hakina kimelea hai. Jani lililoguswa na kinyesi chenyewe litupe, mengine osha kwa maji yanayotiririka, upike. Anayenipa mashaka ni giligilani, kwa sababu ni fupi, iko karibu na udongo, na mnaitia kwenye kachumbari mbichi. Siki na ndimu haviui vijiyai hivi. Ladha inabadilika, hatari inabaki. Ihamishe giligilani. Ipande kwenye viroba au ndoo zilizopasuka, uziweke juu ya meza ya mbao au kwenye ukuta mfupi, na utumie udongo mpya usiotoka kwenye matuta hayo. Nyanya, matango, saladi na chochote kiliwacho kibichi kiende huko huko juu.

Sasa kuhusu paka wenyewe. Wengi hutafuta kitu cha kumfukuza paka, wakati swali lenye manufaa ni kwa nini amechagua hapo. Paka anataka udongo mkavu, laini, unaochimbika kwa kucha bila taabu, mahali patulivu, na pasipo na harufu ya chakula chake. Tuta ulilolilima jana jioni na kumwaga mbegu lina sifa hizo zote. Akishajisaidia mara moja, harufu inamrudisha. Kwa hiyo ukilifanya tuta lisichimbike na ukaondoa harufu, atahamia kwingine, na unaweza kumchagulia wewe hicho kwingine.

Kitu kinachofanya kazi kuliko vyote nilivyoona ni wavu wa kuku uliolazwa juu ya tuta na kushindiliwa kwa vigingi pembeni. Mbegu za mchicha huota na kupita kwenye matundu, paka akijaribu kuchimba kucha zinakwama, anaondoka. Usipokuwa na fedha ya wavu, funga fito nyembamba kama dirisha la miraba, miraba yenye upana wa vidole vitatu, uilaze vivyo hivyo. Wengine wa kando ya bahari hutumia nyavu chakavu za uvuvi. Zinafaa zikivutwa zikakaza kabisa. Zikilegea zinanasa vifaranga, kenge na paka wachanga, nimeletewa miguu iliyokatwa na nyuzi hizo hadi kwenye mfupa. Kama huwezi kuzikaza, usizitumie.

Kwenye bamia na nyanya chungu, ambazo zimeshasimama, funika udongo wote ulio wazi kwa makumbi ya nazi yaliyochanwachanwa au vifuu vilivyovunjwa. Tanga hatuna uhaba wa hivyo. Paka hapendi kukanyaga kitu chenye makali kisichochimbika, na wewe unapata faida ya pili: udongo unahifadhi maji na magugu yanapungua. Matawi ya miba yaliyokatwa vipande nayo yanafaa, ila una mtoto anayetembea peku, kwa hiyo kwako nayakataa. Panda kwa kubananisha. Kila kipande cha udongo mtupu kilichobaki katikati ya mistari ni mwaliko. Na umwagilie jioni, karibu na magharibi, badala ya asubuhi. Paka hutoka kuzunguka wakati wa giza kuingia na kabla ya kupambazuka, na udongo uliolowa humkera miguu.

Halafu umpe mahali. Chagua kona ya mbali ya ua, kavu, yenye faragha, nyuma ya mgomba au chini ya ukingo wa bati pasipovuja. Chimbua kama mita moja kwa mita moja, ujaze mchanga mkavu laini kina cha shubiri, na siku ya kwanza mumeo ahamishie hapo kinyesi kimoja kutoka bustanini ili kiwaonyeshe njia. Najua inakuudhi kusikia nakuambia uwajengee choo paka usiowafuga. Lakini kuokota kila asubuhi mahali pamoja panapojulikana ni kazi ya dakika chache, na kupekua matuta matano ukitafuta kilichofukiwa ni kazi ya asubuhi nzima ambayo hakuna mtu ataidumisha. Kona hiyo izungushie uzio ambao mwanao hawezi kupita na paka anaweza kuruka.

Kabla ya yote hayo, hakikisha mkosaji ni paka kweli. Kinyesi cha paka kwa kawaida huwa kimefukiwa au kimeparuliwa udongo juu. Ukikuta marundo yaliyoachwa wazi mahali pamoja siku baada ya siku, yamejaa mbegu za matunda na maganda ya wadudu, huyo ni fungo, na makumbi hayatamzuia.

Mavyaa wako mheshimu, lakini jivu usimwage. Jivu ni laini na kavu, ndilo hasa paka analolipenda. Hamjaona paka wanavyojisaidia mekoni moto ukizimika? Pilipili inamchoma paka machoni na mdomoni anaporamba miguu, inamchoma na mwanao anayechezea hapo, halafu mvua moja inaisafisha. Maganda ya machungwa, ambayo msimu wa Muheza ukifika yanajaa kila mahali, hayana madhara na harufu yake paka wengi hawaipendi. Yakikauka, siku mbili tatu, yamekwisha nguvu. Yatumie kama nyongeza ukiyabadilisha, usiyategemee peke yake.

Kuna vitu vingine watu humwaga, na hivi navikataza kwa nguvu. Oili chafu ya gari inaua udongo wako wa mboga, na paka akiikanyaga anairamba. Dawa za kusafishia choo zenye fenoli ni sumu kwa paka, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja fenoli. Vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kufukuza mende na nondo vina nafthalini. Mtoto wa miaka mitatu ataviona ni peremende, na akimeza kimoja chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika, hasa akiwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachozilinda chembe hizo, hali isiyo ngeni kwa watu wa pwani yenye malaria kama yetu. Msiviweke nje hata kimoja.

Mumeo mwambie hivi kutoka kwangu: sumu haichagui. Ataila paka wa jirani, ataila kuku wako, na panya aliyeila atafia darini au kisimani. Mtoto wako anaokota vitu chini. Kumtesa mnyama hivyo ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kwa jirani ni uhasama utakaodumu kuliko bustani. Isitoshe haitatui kitu. Ukiwaondoa paka wa eneo lenye chakula, wengine huja kuchukua nafasi, na katikati hapo panya wanakuwa wamezaana.

Hapo kwenye chakula ndipo unapopaswa kupiga hodi kwa jirani. Usiende na lawama. Mweleze hali yako ya mimba, mwombe mambo matatu: paka wake wapewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na watoto wao mapema zaidi maana hunyonya minyoo kwenye maziwa ya mama, wachanjwe kichaa cha mbwa, na wahasiwe. Dume aliyehasiwa huzurura kidogo na mara nyingi huacha kurusha mkojo ukutani. Jike hubeba mimba wiki tisa tu na anaweza kuanza akiwa hajafikisha hata nusu mwaka, kwa hiyo watatu wa leo mwakani hamtawahesabu. Ulizeni ofisi ya mifugo ya Jiji kuhusu chanjo na huduma ya kuhasi. Mkienda kaya kadhaa pamoja gharama inagawanyika. Nanyi nyote acheni kumwaga nje utumbo wa samaki mnaotoka nao soko la samaki la Deep Sea. Paka wasio na mwenyewe wanakaa mtaani kwenu kwa sababu ya huo utumbo, na wakishakula hapo watajisaidia jirani na hapo.

Paka akimkwaruza au kumng'ata mtu yeyote nyumbani wakati wa purukushani hizi, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Na mbolea: hapana. Ng'ombe na mbuzi wanakula majani, paka anakula nyama, na kinyesi chake kinabeba vimelea nilivyokwisha kuvieleza. Rundo la mboji la nyumbani kwa kawaida halipati joto la kutosha, tena la kutosha kila upande, kuviua. Usikitie kwenye mboji, hata kwa ajili ya maua, kwa sababu mboji ya maua leo ndiyo inayoishia kwenye mchicha msimu ujao. Tuta lililochafuliwa sana lipumzishe, lipande mahindi au mipapai badala ya mboga iliwayo mbichi, na mboga zako zipe samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri.